Mtoto Akililia Bunduki

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, kwa kuwa wembe huacha kovu na funzo. Bunduki haimwachii mtu muda wa kujifunza.

Tarehe 26 Oktoba 2008, katika maonyesho ya silaha mjini Westfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mvulana wa miaka 8 alikabidhiwa bunduki ya rashasha aina ya Micro Uzi. Aliyemsimamia alikuwa kijana wa miaka 15. Kishindo cha risasi kiliinua mtutu ukamgeukia kichwani, akafa mbele ya baba yake. Mwaka 2011 mahakama ilimwachia huru mwandaaji wa maonyesho hayo.

Tarehe 25 Agosti 2014, jimboni Arizona, msichana wa miaka 9 alifyatua Uzi kwa risasi mojamoja. Mkufunzi alipoiweka ifyatue mfululizo, ilimshinda mtoto nguvu ikamuua mkufunzi mwenyewe. Hakuna aliyeshtakiwa.

Nionavyo, katika misiba yote miwili alikosekana mtu mzima wa kusema hapana. Ridhaa ya mzazi haiongezi nguvu katika mkono wa mtoto. Tusimbebeshe mtoto lawama ya uamuzi uliofanywa na wakubwa wake.