Mawimbi ya alfa

Mtaalamu wa kupima umeme wa ubongo akishakubandika elektrodi kichwani, jeli ikikutapakaa nyweleni, atakuambia: "Fumba macho." Kwenye skrini, mistari ya upande wa kisogo iliyokuwa ikichezacheza ovyo inaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, mara 8 hadi 13 kwa sekunde. "Haya, fumbua." Mpangilio unavurugika papo hapo. Umeme wenyewe ni mdogo mno: mara nyingi haufiki mikrovolti 100.

Aliyeyatangaza mawimbi hayo ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Jena, Ujerumani, mwaka 1929. Aliyatambua kwanza, akayapa herufi ya kwanza ya Kigiriki. Yale madogo na ya kasi zaidi akayaita beta. Jina halina siri nyingine. Wenzake wengi walimtilia shaka hadi mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge walipoyathibitisha, Adrian mwenyewe akiwa mmoja wa waliopimwa.

Kwa Kiswahili, tafsiri inayotangulia kuja mdomoni ni "mawimbi ya utulivu", na wauza programu za kutuliza akili wangeifurahia. Mimi siiafiki. Mtu anaweza kukaa barazani ametulia tuli, anatazama bahari, alfa yake ikawa hafifu kwa kuwa tu macho yanaona. Akifumba macho ukampa hesabu ngumu ya kichwa, inaweza kufifia tena. Na wapo wenye afya njema ambao haionekani sana hata wakifumba. Tuwaambie hawana utulivu?

Kuna mtego mwingine. Kwetu aliye macho ni yule asiyelala, hata kama kayafumba. Kamusi ikisema "mawimbi ya mtu aliye macho na ametulia", msomaji atamwona aliyekodoa, kumbe ndiye ambaye mawimbi yamemtoroka. Ningefafanua hivi: mawimbi ya ubongo ya hezi 8 hadi 13, yanayoonekana hasa kisogoni mtu akiwa hajalala, ametulia na amefumba macho. Ni maelezo marefu, lakini hiyo ni kazi ya fasili. Jina libaki mawimbi ya alfa.

Hilo "hajalala" lisiachwe. Usingizi ukianza kunyemelea, alfa hukatika na mawimbi ya polepole zaidi, theta, hushika nafasi. Mpimaji akiona hivyo ilhali macho bado yamefumbwa, anajua mgonjwa wake anasinzia.