Kutoka Kenya ya Studio hadi Java ya Kumbukumbu: Dirk Bogarde, Mwigizaji na Mwanariwaya

Historia ya maandishi yanayoihusu Kenya haiwezi kukamilika kwa kuwaangalia walioishi Kenya peke yao. Dirk Bogarde, mwigizaji Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1921 na kufariki mwaka 1999, anaingia katika historia hiyo kwa filamu moja tu, Simba (1955), inayosawiri vita vya Mau Mau kwa macho ya mlowezi. Humo Bogarde ni Allan Howard, kijana anayewasili Kenya na kukuta ndugu yake ameuawa.

Ajabu ni kwamba Bogarde aliigiza sehemu zake katika studio ya Pinewood, Uingereza. Picha za Kenya yenyewe zilichukuliwa huku mtu mwingine akisimama badala ya mhusika mkuu. Daktari Karanja, Mwafrika aliyepewa uzito wa kinafsi kuliko wenzake, aliigizwa na Earl Cameron wa Bermuda, na baba yake na Orlando Martins wa Nigeria. Mkikuyu mwenyewe akabaki kuwa umati. Aprili 1954, mwaka uliotangulia kutolewa kwa filamu hiyo, jeshi la Uingereza liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu walikamatwa mitaani, na wengi wakapelekwa kuchujwa katika kambi ya Langata, kwenye viunga vya kusini-magharibi. Nairobi hiyo haimo katika Simba. (Kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Langata ni safari fupi ya matatu.)

Je, kalamu ilirekebisha kosa la kamera? Riwaya ya kwanza ya Bogarde, A Gentle Occupation (1980), inachota katika utumishi wake wa kijeshi huko Java, baada ya Waindonesia kutangaza uhuru Agosti 1945 na Wadachi kuukataa. Kwa maoni yangu riwaya hii inaishinda Simba kwa uaminifu, maana safari hii msimulizi alikuwapo. Hata hivyo, jicho linalotazama bado ni la ofisa wa Uingereza; mwenye nchi hutazamwa kutoka kambini.

Kufikia wakati huo, jicho la upande wa pili lilikuwa limekwisha kuandika, tena kwa Kiswahili: Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi, riwaya ya vita vya Mau Mau, ilichapishwa Nairobi mwaka 1969.