REBECCA NURSE NA AKINA MAMA WETU WA GUSII



Paulo akiwa kifungoni, karibu na mwisho wake, alimwandikia Timotheo amletee vitabu (2 Timotheo 4:13). Mtu aliyetokewa na Bwana mwenyewe bado alitaka kusoma. Lakini wengi wetu tuliojazwa Roho, hapa Kisii na Nyamira, tunadhani historia ya kanisa ni ya wanafunzi wa chuo cha Biblia. Nisikilize leo, maana kutosoma kunaweza kuua mtu.

Mwaka 1692, katika kijiji cha Salem huko Massachusetts, Marekani ya leo, waliishi Wakristo waliopenda Neno na maombi. Wasichana wawili wa nyumba ya mchungaji wakaanza kupiga mayowe na kujipinda. Daktari akasema ni uchawi. Wakaulizwa, nani amewaroga? Wakataja majina. Wasichana wengine nao wakaanza kutaja.

Mahakama ikakubali maono kuwa ushahidi. Msichana akisema ameona kivuli cha fulani kikimtesa, huyo fulani alishtakiwa, hata kama saa hiyo alikuwa amelala kwake.

Mmoja wa waliotajwa ni Rebecca Nurse, omong'ina wa miaka 71, mshirika wa kanisa. Familia yake ilikuwa na ugomvi wa ardhi na majirani. Watu 39 walitia sahihi kumtetea. Wazee wa baraza wakasema hana hatia, lakini wakaambiwa wafikirie tena. Akaulizwa swali, hakusikia kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Kimya chake kikahesabiwa kuwa hatia. Kanisa likamtenga, na tarehe 19 Julai akanyongwa. Mwezi uliofuata alinyongwa mchungaji George Burroughs, ingawa alisali Sala ya Bwana bila kukosea neno mbele ya umati ulioamini kwamba mchawi hawezi kuisali. Kwa jumla walinyongwa watu 19, na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe.

Oktoba mwaka huohuo gavana aliivunja mahakama ile. Mwaka 1697 hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani mjini Boston huku toba yake ikisomwa na mchungaji. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa na miaka 12 alipowataja watu, alikiri kwamba walikuwa hawana hatia. Mwaka 1712 kanisa likamrudisha Rebecca katika ushirika. Alikuwa amezikwa miaka 20.

Sasa rudi nyumbani. Mei 2008, hapa kwetu Kisii, watu zaidi ya kumi, wengi wao akina mama wazee, walichomwa moto wakiitwa abarogi. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wakauawa kwa tuhuma hiyohiyo. Hii ndiyo Gusii yenye kanisa kila kilima!

Mtu ataniambia, "Pasta, Kutoka 22:18 inasemaje?" Ndugu yangu, mahakimu wa Salem waliujua mstari huo. Walichoacha ni Kumbukumbu la Torati 19:15-19, panapotakiwa mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo apewe adhabu aliyomtakia mwenzake. Wakaacha pia 1 Yohana 4:1, tunapoagizwa kuzijaribu roho. Sisi Wapentekoste tunaamini ndoto, maono na unabii, na hatutaacha kuamini. Kwa sababu hiyo sisi ndio tunaopaswa kuijua Salem kuliko Wakristo wengine wote. Nabii akisimama kwenye kesha na kusema, "Kuna mama mmoja jirani yako anakufunga," yule kijana anayesikiliza ana jirani mjane, na pengine tayari anaimezea mate shamba la huyo mjane. Akitoka hapo anaenda na jina. Umati hauhitaji zaidi ya jina.

Kwa hiyo mwezi huu, wewe na kikundi chako cha maombi, changeni mnunue vitabu vitatu: kimoja cha historia ya kanisa, kimoja cha maisha ya mtumishi wa Mungu, na kimoja cha mafundisho ya imani. Historia itakuonyesha mahali waliotutangulia walianguka. Maisha ya watumishi yatakuonyesha jinsi walivyosimama tena. Mafundisho yatakupa kipimo cha kupima kila sauti inayosema "Bwana amesema." Asiyejua kusoma asomewe.

Na ukisikia jina la mama mzee likitajwa, usilipeleke mbele. Nenda ukaketi naye na uombe naye. Ukiona vijana wanakusanyika, mpigie chifu au polisi simu mara moja, usingoje asubuhi.

Toba ya Sewall ilikuwa ya kweli, lakini haikumfufua Rebecca. Mungu atupe kujua mapema kile ambacho Salem ilikijua baada ya mazishi.

Baba, walinde abang'ina wetu usiku wa leo. Tupe masikio ya kupambanua. Katika jina la Yesu, amina.