Moshi wa meli ulianza kuhesabiwa namna gani?

Ndugu wasomi, Masisi na Walikale haziko na bahari, lakini madini yetu yanapita baharini. Miaka ya 2000, wabebaji walitoa kasiteriti kule Bisie na gunia za kilo 50 mgongoni, wakikata pori hadi Njingala. Pale Kilambo ndege zilitua juu ya barabara, zikaipeleka Goma. Koltani ya Rubaya nayo ilishuka na kamyo. Mzigo mwingi wa Kivu ulielekea Mombasa ao Dar es Salaam, kupanda meli.

Njiani kilo za madini zilihesabiwa, juu ya kodi na vizuizi. Na moshi wa meli, nani aliuhesabu?

Zamani wataalamu walianzia kwenye mafuta: tani ngapi zimeuzwa kwa meli, basi moshi ni kiasi fulani. Shida ni kwamba mafuta yananunuliwa bandari moja, yanachomwa mbali kabisa. Hesabu ile haikuweza kusema mama wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, anavuta nini.

Mambo yalibadilika kuanzia 2004. Meli za safari za kimataifa, kuanzia tani 300, zililazimishwa kubeba chombo kinachotangaza jina, mahali na mwendo. Sasa kila meli ingeweza kufuatwa: imeingia saa ngapi, imekaa muda gani.

Hesabu yenyewe si uchawi: nguvu ya injini, mara masaa, mara gramu za moshi. Meli ikishafunga gatini, injini kubwa inazimwa, lakini zile za umeme zinaendelea kunguruma. Tuseme zinatoa kilowati 1,000 kwa masaa 24, na kila kilowati kwa saa inatoa gramu 12 za oksidi za naitrojeni. Unapata kilo 288. Meli moja, siku moja.

Ni makadirio, ndiyo. Injini kuukuu ao mafuta machafu vinabadilisha jibu. Lakini makadirio yana nguvu. Mwaka 2007, Corbett na wenzake walikadiria vifo kama 60,000 kwa mwaka kutokana na chembe za moshi wa meli. Sheria ya kimataifa nayo ilikaza kamba: salfa ndani ya mafuta ya meli ilitoka asilimia 4.5, ikashuka 3.5 mwaka 2012, halafu 0.5 mwaka 2020.

Hapo ndipo somo letu. Moshi usiohesabiwa hauna mwenyewe; ukihesabiwa, kuna mtu wa kuulizwa.

Na sisi tuko na Ziwa Kivu, na meli zake kati ya Goma na Bukavu. Nguvu ya injini, masaa, mafuta: kwa kuanza, kazi hiyo haiombi maabara. Inaomba daftari, na kijana mwenye subira ya kukaa bandarini. Nani kati yenu anaichukua kama mada ya kazi yake ya mwisho wa masomo?