Sura Ishirini na Nne: Mchezo wa «Qui est-ce ?» na Nasaba ya Tippu Tip huko Utetera

1. Utangulizi

Mchezo uitwao kwa Kifaransa «Qui est-ce ?», yaani «Ni nani?», huchezwa nyumbani na watu wawili. Kila mmoja ana ubao wenye sura 24 zilizosimamishwa, pamoja na kadi ya siri yenye sura mojawapo. Huulizana kwa zamu maswali yenye jibu la ndiyo au hapana tu: Ana miwani? Ana ndevu? Kila jibu huangusha sura zisizohusika, hadi ibaki moja. Muulizaji hodari hakimbilii kutaja jina. Hutafuta swali la kuigawa idadi katikati: 24, 12, 6, 3. Kwa njia hiyo maswali matano humtosha.

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo humfaa pia mwanafunzi wa historia ya Maniema.

2. Asili ya mchezo

Mchezo huu ulibuniwa na Theo Coster na mkewe Ora, ukatolewa mwaka 1979. Coster alizaliwa Amsterdam mwaka 1928 kwa jina la Maurice, akasoma darasa moja na Anne Frank. Wajerumani walipoitawala Uholanzi, kijana huyo Myahudi alifichwa kijijini kwa jina la bandia, Theo, akabaki nalo hadi alipofariki mwaka 2019. Hatudai kwamba mchezo ulitokana na mkasa huo. Itoshe kusema kwamba mbunifu wake aliujua uzito wa swali «Ni nani?», maana wakati fulani jibu la kweli lingemuua.

3. Mgeni wa Utetera

Huku kwetu nasaba ya kubuni ilifanya kazi nyingine. Kabla ya mwaka 1874, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alifika Utetera, ng'ambo ya Lualaba. Masimulizi yake mwenyewe, yaliyochapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mwaka 1902 na 1903, yanaeleza mambo kwa utaratibu. Njiani alisikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera, alinyang'anywa zamani wanawake wawili wa ukoo wake, Kina Daramumba na Kitoto, waliotekwa na Warua. Kisha akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmojawapo: eti babu yake, Habib bin Bushir el Wardi, alimnunua huko Urua, naye akamzaa mama yake Hamed. Mzee alimpokea kama damu yake, akamkabidhi utawala na pembe za ndovu.

Msomaji azingatie mpangilio huo: habari yatangulia, dai lafuata. Sasa tuutumie ubao wetu. Swali «Je, alilijua jina la Daramumba?» haliangushi sura hata moja, kwani mjukuu wa kweli na wa uongo wangejibu sawasawa. Swali la kugawa lingehusu jambo la nyumbani lisilosikika njiani.

Hata hivyo, tusimcheke mzee. Katika mchezo, mjibuji hana ruhusa ya kudanganya, na wachezaji ni sawa. Utetera, mgeni alijichagulia kadi mwenyewe, tena alikuja na bunduki. Na mwenyeji alikuwa na hamu ya miaka mingi ya kurudishiwa watu wake.

4. Hitimisho

Wanafunzi wetu wanaokusanya nasaba kwa wazee wa Kasongo, Wamaza na Kabambare wajifunze mambo mawili. Kwanza, wasiulize tu «Babu yako ni nani?», bali pia «Habari hii uliipata kwa nani, naye aliipata wapi?» Pili, waulize habari za wanawake waliochukuliwa. Katika kisa hiki tunamjua mgeni na tunamjua mtawala. Daramumba alitekwa, na jina lake likatufikia kwa sababu mtu mwingine alilihitaji. Kuhusu maisha yake mwenyewe, masimulizi hayo hayaulizi neno.