Mobutu alipofuta majina ya ubatizo

Zaidi ya nusu karne imepita tangu Januari 1972, mwezi ambao wazazi wa Zaire, yaani Kongo (DRC) ya leo, walikatazwa kumpa mtoto mchanga jina la Kizungu. Joseph, Marie, Pierre na Jeanne hayakutakiwa tena katika daftari za serikali. Leo majina hayo yamejaa Kinshasa, Lubumbashi na Goma, na vijana wengi wanaoitwa hivyo hawajui kwamba babu zao waliwahi kuyaficha. Ni historia ya kusimuliwa upya, maana inagusa swali la kila nyumba iliyopata mtoto: nani mwenye haki ya kumpa jina?

Hapo kale haki hiyo ilikuwa ya ukoo. Kwa Wanande wa Butembo na Beni, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ndugu zao Wakonzo, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, wana utaratibu huohuo. Kwa Waluba wa Kasai, pacha wa kwanza huitwa Mbuyi, wa pili Kabanga, na mtoto anayewafuata ni Kanku. Ukitajiwa jina tu, umeshajua mwenzako alizaliwa wa ngapi na baada ya nani.

Majina ya ubatizo nayo si ya jana. Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mbele ya Wareno akaitwa João. Wakati wa Wabelgiji wamisionari waliieneza desturi hiyo hadi vijijini, na uhuru ulipofika mwaka 1960 viongozi wenyewe walikuwa Patrice Lumumba, Joseph Kasa-Vubu na Moïse Tshombe.

Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965. Mwaka uliofuata Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Baada ya miji na nchi, ikafika zamu ya watu. Rais aliacha Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wakatakiwa kufuata. Mwanamuziki François Luambo, yaani Franco, akawa Luambo Makiadi. Pascal Tabu akawa Tabu Ley. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha hadi miaka 5.

Hapo ndipo Kardinali Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipogongana na dola. Wasomi Crawford Young na Thomas Turner, ambao kitabu chao cha mwaka 1985 kuhusu dola ya Zaire bado ni rejea kubwa, wanauchambua mvutano wa Mobutu na Kanisa Katoliki. Mwezi huohuo wa Januari 1972 gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilichapisha tahariri ya kuikosoa sera ya Mobutu ya uhalisi, yaani kurudi kwenye utamaduni wa Kiafrika, ambayo majina yalikuwa sehemu yake. Serikali ilimbebesha Malula lawama. Gazeti likasimamishwa, Malula akavuliwa nishani ya taifa, akatolewa katika makao yake, na nyumba ikakabidhiwa vijana wa chama tawala. Februari aliondoka kwenda Roma, akakaa huko miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani mwaka huohuo.

Wako wanaomhesabu Malula kuwa mtetezi wa Uzungu. Wanamwonea. Huyu alikuwa mzaliwa wa Kinshasa, na kwa miaka mingi alipigania ibada yenye ngoma, nyimbo na sala za Kiafrika. Misa ya Kizaire iliyokubaliwa na Vatikani mwaka 1988 ina jasho lake. Ugomvi wake na Mobutu ulihusu mamlaka: je, rais anaweza kusimama kati ya mzazi na kisima cha ubatizo?

Hatimaye maaskofu walilegeza kamba, na majina ya Kiafrika yakatumika katika ubatizo. Familia nyingi zikaishi kwa njia mbili: shuleni na ofisini mtoto ana jina la ukoo, nyumbani mama anamwita Marie. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ikasisitiza tena kwamba majina yatoke katika utamaduni wa taifa. Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, majina yaliyofichwa yakatoka hadharani, na tangu hapo yamebaki.

Mobutu alikosea, na kosa lake lisipambwe. Jina linalotolewa kwa hofu ya polisi halimheshimu babu yeyote. Lakini nasi tumekwenda upande wa pili kwa uzembe. Siku hizi wazazi wengi huokota jina kwenye tamthilia au kwa mchezaji wa Ulaya, wakati bibi aliyembeba baba mgongoni hakumbukwi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018 nchini Kongo ulionyesha pia kuwa chini ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamesajiliwa. Watoto wengi wana jina la kuitwa tu, bila karatasi ya kulithibitisha.

Basi mzazi, uhuru ambao wengine waliteseka kwa ajili yake utumie vizuri. Mpe mwanao Joseph ukipenda, lakini mwongezee Kasereka au Kanku, mwambie ni jina la nani, kisha nenda ukamwandikishe.