Mabamba: Soko Lililotangulia Forodha

Kabla ya afisa forodha kufika Mabamba, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, mpakani na Burundi, biashara ilikuwepo. Karne ya 19 watu wa Buha, nchi ya Waha, na wa Burundi walitembea siku nyingi kufuata chumvi ya Uvinza. Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Mpaka uliowatenga ulikuja na Wazungu.

Wakati wa ukoloni Waingereza waliziona Kibondo na Kasulu kama ghala la vijana, si la mazao. Waliwaandikisha manamba wakakate mkonge Tanga na Morogoro, majembe ya nyumbani yakabaki kwa akina mama. Siku hizi miongoni mwa vibarua wanaolima mashamba ya Kasulu msimu wa mvua wamo Warundi. Historia ina mzaha wake.

Julai 1996, mwanajeshi Pierre Buyoya alipopindua serikali ya Burundi mjini Bujumbura, nchi jirani, Tanzania ikiwemo, ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi hadi Januari 1999. Biashara haikufa, ilihamia njia za panya.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikaingia umoja wa forodha 2009. Soko la pamoja likaanza Julai 2010. Kwa maandishi, mambo ni mazuri: maharage, mahindi na udaga (muhogo mkavu) wa Kibondo vinavuka bila ushuru wa forodha, na mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapewa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani.

Lakini mwaka 2011 Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Ikazuia tena Juni 2017, mkulima akiwa ameshavuna na deni la mbolea linamsubiri. Njia ikifungwa, dalali ndiye anayepanga bei, na gunia anataka la lumbesa, limeshonewa kilemba juu. Wafanyakazi wanaovuka mpaka nao walikuwa na mkasa wao: mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa Kigoma, Kagera na Geita wageni wasio na vibali, miaka mitatu tu baada ya kuanza kwa soko la pamoja lililoahidi wafanyakazi uhuru wa kuvuka mipaka.

Kwa maoni yangu, kilichomuumiza mkulima wa Kibondo si soko huria, ni soko linalofungwa ghafla. Serikali ina haki ya kulinda chakula cha wananchi. Ikibidi kuzuia mazao, basi itangaze kabla watu hawajapanda.